Koili na Sumaku ya Kudumu: Msumari Uwekwe Kando Kwanza

Tunapowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tunaona somo la sumaku ya umeme likianza na kuishia kwenye msumari. Waya huzungushwa juu ya msumari, betri huunganishwa, pini huokotwa, watoto hushangilia. Katika somo moja mtoto aliuliza, "Mwalimu, sumaku ni waya au ni msumari?" Akajibiwa kuwa ni msumari. Swali lilikuwa bora kuliko jibu.

Zungusheni waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi kwenye kalamu, mizunguko kama 50, yote kwa upande mmoja, kisha chomoeni kalamu. Kwangueni vanishi katika miisho yote miwili ya waya (kusahau jambo hili dogo kumeharibu masomo mengi), halafu unganisheni na betri ya volti 1.5. Mkiisogeza koili karibu na dira, mtaona kuwa upande mmoja wa koili unavuta ncha ya kaskazini ya sindano na kuisukuma ncha ya kusini. Upande wa pili unafanya kinyume. Sumaku ya kudumu hufanya vivyo hivyo. Hapa pana kusukumana, na kusukumana ndiko kunakothibitisha, kwani chuma cha kawaida huvutwa na ncha yoyote ya sumaku lakini hakisukumwi. Pini pekee haziwezi kuonyesha jambo hili.

Mfanano hauishii hapo. Kipande cha msumeno wa chuma kilichosuguliwa kwa sumaku kikivunjwa, hatupati ncha moja moja. Kila nusu huwa na ncha zake mbili. Koili nayo ikigawanywa, kila nusu inayopitishiwa mkondo ina kaskazini na kusini yake. Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alitangaza kuwa mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira. Mwaka huohuo Mfaransa André-Marie Ampère alianza kueleza kuwa ndani ya sumaku yenyewe kuna mikondo inayozunguka. Leo tunajua kuwa chanzo chake ni elektroni zilizomo katika atomu, na kwamba kila elektroni ni kama sumaku ndogo sana. Katika sumaku ya kudumu nyingi zimeelekea upande mmoja. Watoto wa shule ya msingi wasilemezwe na habari hizo, ila mwalimu azifahamu.

Tofauti mtaionyesha kwa kugeuza betri: ncha za koili hubadilishana, na mkondo ukikatwa hutoweka. Ndipo msumari urudishwe ndani ya koili, na yule mtoto ajibiwe: koili ni sumaku hata ikiwa peke yake, msumari hugeuzwa sumaku na koili, ukaiongezea nguvu.

Betri iunganishwe kwa sekunde chache tu kila mara, maana waya hupata moto na betri huisha upesi.