Taa za kuvulia dagaa

Taa za kuvulia dagaa ni taa zinazowashwa juu ya maji wakati wa usiku ili kuwavuta dagaa wakusanyike mahali pamoja kabla ya kuzungushiwa au kuinuliwa kwa wavu. Katika Ziwa Victoria hutumika nchini Tanzania, Kenya (ambako dagaa huitwa omena) na Uganda (ambako huitwa mukene). Katika Wilaya ya Bunda, mkoani Mara, hutumika kwenye mwambao wa Ghuba ya Speke, katika maeneo kama Guta, Kibara na Kisorya.

Kwa muda mrefu taa iliyotawala ziwani ilikuwa karabai, yaani taa ya mafuta ya taa yenye pampu. Siku hizi mvuvi anaweza pia kuchagua taa ya LED inayotumia betri. Uchaguzi huo ni uamuzi mkubwa wa fedha, kwa sababu mtumbwi mmoja huhitaji taa kadhaa, na taa inayozimika katikati ya usiku humaanisha kurudi nchi kavu bila samaki. Taa inayofaa si lazima iwe ile yenye mwanga mkali kuliko zote. Inayofaa ni ile inayodumu hadi mwisho wa kazi, isiyoingiza maji, inayoweza kutengenezwa karibu na mwalo, na ambayo gharama yake inabebeka kwa mapato ya mwezi mzima.

Jinsi taa inavyowavuta dagaa

Dagaa wa Ziwa Victoria (jina la kisayansi Rastrineobola argentea) ni samaki mdogo wa rangi ya fedha, mwenye urefu wa sentimita chache tu. Mchana hukaa zaidi kwenye kina, karibu na sakafu ya ziwa, na usiku hupanda juu kula. Chakula chake ni viumbe vidogo sana vinavyoelea majini pamoja na wadudu. Taa huvuta viumbe hao na wadudu wa ziwani, na dagaa, ambaye hutumia macho kutafuta chakula, hukusanyika chini ya mwanga.

Kwa sababu hiyo uvuvi huu hutegemea giza. Mwezi mpevu huangaza uso wote wa ziwa, hivyo mwanga wa taa haujitokezi na samaki hutawanyika. Mzunguko wa mwezi una siku 29 na nusu. Wavuvi wengi hupumzika siku 8 hadi 10 kuzunguka mwezi mpevu, na hivyo hubakiwa na takriban usiku 20 za kazi, yaani kipindi cha giza. Hata katika kipindi hicho saa za kazi hubadilika. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo giza la mwanzo wa usiku huongezeka siku hadi siku.

Historia

Kuvua dagaa kwa mwanga ni desturi ya zamani katika Ziwa Tanganyika, ambako wavuvi waliwasha moto wa kuni kwenye mitumbwi kabla ya karabai kufika. Katika Ziwa Victoria uvuvi wa dagaa kwa taa ulienea katika nusu ya pili ya karne ya 20. Baada ya sangara kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za samaki wa asili zilipungua sana, lakini dagaa waliendelea kuzaana kwa wingi, na uvuvi wao ukawa tegemeo la kaya nyingi za mwambao.

Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia watu wasiyachanganye na dizeli. Hatua hiyo iliongeza gharama kwa waliotegemea mafuta hayo, wakiwemo wavuvi wa dagaa. Wakati huohuo taa za LED zilikuwa zikishuka bei. LED nyeupe ziliwezekana baada ya LED ya buluu yenye mwanga wa kutosha kubuniwa nchini Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Aina za taa

Karabai. Mafuta ya taa husukumwa kwa hewa ya pampu, hugeuka mvuke, na kuwaka ndani ya kifuko chepesi kinachong'aa kwa joto. Karabai za kawaida hutangazwa kuwa na nguvu ya mishumaa 300 hadi 500. Faida yake ni kwamba inajulikana kila mwalo, mafundi wake wapo, na mafuta yakiisha huongezwa mara moja. Hasara zake ni kwamba kifuko huvunjika kwa mtikisiko wa mawimbi, kioo chenye joto hupasuka kikirushiwa maji, na pampu huhitaji kushughulikiwa mara kwa mara usiku.

Taa ya LED ya betri. Taa hupata umeme kutoka kwa betri, ambayo huchajiwa kwa paneli ya sola au kwa umeme wa gridi kwenye vituo vya kuchajia. Haina kioo chenye joto wala kifuko, na LED nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Hasara yake ni bei kubwa ya kuanzia, na betri ikiisha katikati ya ziwa haiongezwi.

Taa za jenereta. Jenereta ndogo ya petroli huwekwa kwenye boti na kuwasha balbu kadhaa. Hufaa boti kubwa, kama zile za Ziwa Tanganyika na Bahari ya Hindi. Kwa mtumbwi mdogo jenereta ni nzito, ina kelele, na haiwezi kuwasha taa zilizoachwa mbali juu ya vyelezo.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kuchagua

Muda wa kuwaka

Hili ndilo jambo la kwanza, na linaweza kukokotolewa kabla ya kununua. Nishati ya betri kwa wati-saa hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Betri ya risasi na asidi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo huchakaa haraka, kwa hiyo zinazotumika ni wati-saa 42. Taa ya wati 5 itawaka kwa saa 8 na zaidi kidogo. Taa ya wati 10 kwa betri hiyohiyo itawaka kwa takriban saa 4 tu: ikiwashwa saa 2 usiku, saa 6 usiku imekwisha.

Kuwasha taa ya wati 10 kwa saa 10 kunahitaji wati-saa 100, yaani betri ya risasi ya takriban ampea-saa 17. Betri ya lithiamu inaweza kutumiwa hadi takriban asilimia 80, hivyo ampea-saa 10 au 11 zinatosha. Ni nyepesi zaidi lakini bei yake ni kubwa.

Kuchaji

Paneli ya wati 20 ikipata saa 5 za jua kali hutoa kinadharia wati-saa 100. Ukiondoa upotevu, hubaki takriban theluthi mbili. Kiasi hicho kinatosha taa ya wati 5 kwa usiku mmoja, lakini hakitoshi ya wati 10. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mawingu hupunguza kiasi hicho, kwa hiyo ni vema kuwe na mahali pengine pa kuchajia.

Wingi na rangi ya mwanga

Maji hunyonya kwanza mwanga mwekundu. Katika maji maangavu mwanga wa buluu hufika mbali zaidi, lakini katika maji yenye mwani mwingi, kama ya sehemu kubwa ya Ziwa Victoria, mwanga wa kijani hupenya vizuri zaidi. Taa nyeupe ina rangi zote hizo na hutosha kwa kawaida. Muhimu zaidi ni mwanga uelekee majini: taa isiyo na kofia hupoteza sehemu kubwa ya mwanga angani. LED ya wati 5 hadi 10, yenye lumeni 500 hadi 1,000, ikiwa na kofia nzuri hutumia mwanga wake vizuri kuliko taa kali inayoangaza pande zote.

Kuzuia maji

Vifaa vya umeme hupewa alama ya IP yenye tarakimu mbili. Ya kwanza huonyesha uwezo wa kuzuia vumbi, ya pili maji. IP65 humaanisha kifaa kinastahimili maji yanayorushwa kwa nguvu. IP67 humaanisha kinaweza kuzama katika kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila kuharibika. Taa inayokaa juu ya chelezo itapigwa na mawimbi na wakati mwingine kupinduka, hivyo IP67 ni salama zaidi. Jaribio rahisi ni kuizamisha taa kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa, kisha kuifungua na kutazama kama kuna unyevu ndani. Jaribio la pili ni kuiwasha nyumbani usiku mzima kabla ya kwenda nayo ziwani.

Uzito

Betri ya risasi ya ampea-saa 7 ina uzito wa kilo 2 hivi, na ya ampea-saa 17 hufikia kilo 5 au 6. Chelezo kilichotengenezwa kwa ajili ya karabai huenda kikahitaji kupanuliwa. Betri inapaswa kufungwa chini kabisa ili chelezo kisipinduke.

Matengenezo

Taa iliyofungwa kwa skrubu inaweza kufunguliwa na fundi. Iliyofungwa kwa gundi, ikiharibika hutupwa. Betri inapaswa kuwa ya kipimo kinachopatikana madukani, kwa mfano Bunda mjini au Musoma. Betri ndiyo huchoka kabla ya taa. Joto huiharakisha: betri ya risasi inayokaa daima kwenye joto la nyuzi 35 huishi takriban nusu ya muda wa ile ya nyuzi 25. Isiachwe juani wakati inachajiwa. Paneli ndiyo ikae juani.

Hesabu ya gharama

Karabai ya kawaida ya mishumaa 500 huteketeza takriban lita 1 kwa saa 8. Kwa usiku wa saa 10, karabai 4 hutumia lita 5. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba lita moja ni shilingi 3,000. Gharama ni shilingi 15,000 kwa usiku, na shilingi 300,000 kwa usiku 20 za giza. Kama seti moja ya LED, betri na paneli ingekuwa shilingi 150,000, seti 4 ni shilingi 600,000, sawa na mafuta ya miezi miwili. Mvuvi anapaswa kuweka bei halisi za mwalo wake, kisha aongeze akiba ya kununua betri mpya. Anayelinganisha bei ya taa kwa taa ataona karabai ni rahisi. Anayelinganisha mwaka kwa mwaka mara nyingi atapata jibu tofauti.

Mgawo wa mapato

Katika mitumbwi mingi gharama ya mafuta hutolewa kwanza katika mauzo, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi. Mafuta yakiondoka, nafuu hiyo huenda kwa nani? Mwenye mtumbwi aliyenunua taa atataka kurudisha fedha zake, na wavuvi watataka sehemu yao iongezeke. Ni vema pande zote zikubaliane mapema ni kiasi gani kitakatwa kila usiku kulipia taa, na makato hayo yatakoma lini. Pia ikubaliwe nani atalipa taa ikiibwa au ikipotea kwenye dhoruba.

Usalama na mazingira

Karabai inaweza kuunguza mtu au kuwasha moto katika mtumbwi wenye mafuta na nyavu. Mafuta yanayomwagika huharibu harufu ya dagaa na kuchafua maji ambayo watu wa mwambao huyatumia nyumbani. Betri nayo ina hatari yake. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na asidi huunguza ngozi. Betri chakavu haitupwi ziwani wala kupasuliwa nyumbani, bali hupelekwa kwa wanunuzi wa betri chakavu.

Taa bora haiongezi samaki waliomo ziwani. Mwanga huvuta pia sangara wachanga, na gharama ikishuka mitumbwi huweza kuongezeka. Uvuvi nchini Tanzania husimamiwa kwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, ambazo zimefanyiwa marekebisho. Kabla ya kununua taa, mvuvi anapaswa kumuuliza afisa uvuvi au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo wake kuhusu taa na nyavu zinazoruhusiwa. Kwa ziwa zima, nchi tatu hushirikiana kupitia Shirika la Uvuvi wa Ziwa Victoria, lililoanzishwa mwaka 1994, lenye makao makuu Jinja, Uganda.

Katika nchi nyingine

Uchaguzi kati ya mafuta na betri hauwahusu wavuvi wa dagaa peke yao. Nchini Kanada na Ufini, ambako maziwa huganda wakati wa baridi, wavuvi hutoboa barafu kwa keekee kubwa ya petroli au ya betri, nao hupima uzito, muda wa kazi na matengenezo. Tofauti ni kwamba kule baridi kali hupunguza nguvu ya betri kwa muda, wakati katika Ziwa Victoria joto hufupisha maisha yake.

Tazama pia

Dagaa
Ghuba ya Speke
Sangara
Wilaya ya Bunda
Ziwa Victoria