Udhaifu wa Mifupa Uzeeni: Habari za Rongui na Pwani Yake

Maji ya bamvua yakupwapo katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, miamba hubaki wazi kwa saa kadhaa, na wanawake, wazee kwa vijana, huteremka na vikapu vyao kutafuta pweza, chaza na kome, wakikanyaga mawe yenye ncha na utelezi kwa wepesi ambao mgeni wa bara hushindwa kuuiga. Rongui ni kisiwa kimoja katika mlolongo wa visiwa vya Kirimba, jirani ya Vamizi, baina ya Palma na Mocímboa da Praia. Kasa hupanda fukwe zake kutaga mayai, na wavuvi hupiga dago huko kwa misimu. Mtu aliyelelewa katika kazi za namna hiyo aghalabu hufika umri wa miaka 60 angali mkakamavu, na kwa sababu hiyo imekita miongoni mwetu dhana ya kwamba maradhi ya udhaifu wa mifupa, ambayo matabibu huyaita ostioporosisi, ni balaa la wazee wa Ulaya wakaao vitini msimu mzima wa baridi, wala hayatuhusu sisi.

Dhana hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1968 tabibu Louis Solomon alitangaza utafiti wake wa Johannesburg, ambamo alionyesha kuwa kuvunjika kwa shingo ya paja, yaani mahali paja linapoingia nyonga, kulikuwa kuchache mno kwa wakazi Waafrika wa mji ule kukilinganishwa na hesabu za Wazungu. Mwaka 1996 watafiti waliowapima wanawake wakongwe wa vijijini nchini Gambia walipata jambo la ajabu zaidi: mifupa ya wanawake wale ilikuwa na madini machache, pengine machache kuliko ya wanawake wa Uingereza wa rika lao, ilhali kuvunjika kulikuwa nadra. Wataalamu walitaja sababu nyingi zinazowezekana: umbo la nyonga, kazi za shamba, mazoea ya kuchuchumaa na kukaa chini ambayo huipa miguu nguvu na mwili mizani, na ufupi wa maisha uliowafanya wengi wasifike umri ambao mfupa husaliti.

Lakini hesabu ya hospitali huwahesabu waliofika hospitali tu. Ajuza aliyevunjika nyonga katika kisiwa, akafungwa magango ya mianzi na fundi wa kuunga mifupa, akalala ndani miezi miwili na kisha akafariki kwa kichomi, hakuandikwa katika daftari lolote la mifupa. Watu walisema ameondoka kwa uzee, wakazika. Huko Afrika Kusini, hesabu za miaka ya karibuni zimebainisha kwamba mivunjiko ya nyonga miongoni mwa Waafrika si adimu kama ilivyodhaniwa zamani. Zaidi ya hayo, sifa ya mifupa yetu ilijengwa juu ya maisha fulani, na maisha hayo yanabadilika mbele ya macho yetu. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, na hasa baada ya mji wa Palma kushambuliwa Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wa mkoa huu wameyahama makazi yao, na mzee aliyekuwa akitembea mwambani kila bamvua amejikuta kambini, mbali na bahari, akila posho ya nafaka na kukaa kutwa kivulini. Hakuna haja ya darubini kutambua kuwa mifupa iliyolindwa na mwendo na samaki haitalindwa na kumbukumbu ya mwendo na samaki.

Yafaa sasa tueleze mfupa wenyewe, maana wengi huudhani kuwa kitu kilichokauka tangu ujana. Mfupa u hai, nao hufanana na ukuta wa mawe ya tumbawe katika nyumba za kale za Ibo, ambao hudumu kwa kuwa kila mwaka mafundi huparua chokaa iliyooza na kupaka mpya. Na hata madini yenyewe, yaani kalsiamu, ndiyo asili ya chokaa hiyo. Ndani ya mfupa zimo chembe zinazobomoa na chembe zinazojenga, na kazi yao haikomi hadi mauti, kiasi kwamba katika muda wa takriban miaka 10 sehemu kubwa ya kiunzi cha mtu mzima huwa imefanywa upya. Katika utoto na ujana wajenzi huwashinda wabomoaji, na karibu na umri wa miaka 30 mfupa hufikia ukamilifu wake. Baada ya hapo mambo hukaa sawa kwa kitambo, kisha wabomoaji hutangulia pole pole.

Kwa mwanamke kitambo hicho hukatizwa na ukomo wa hedhi. Mnamo mwaka 1941 tabibu Fuller Albright wa Boston, Marekani, alibainisha uhusiano baina ya kukoma kwa homoni ya kike, estrojeni, na kudhoofika kwa mifupa, na utafiti uliofuata ukathibitisha kuwa homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji. Inapotoweka, mwanamke aweza kupoteza hadi sehemu moja kwa tano ya ujazo wa mifupa yake katika miaka 5 mpaka 7 ya mwanzo. Mwanamume hupoteza pia, ila kwa mwendo wa taratibu, ndiyo maana hukumbwa na maradhi haya akiwa amechelewa. Katika nchi zenye hesabu kamili, inakadiriwa kuwa baada ya umri wa miaka 50 mwanamke mmoja katika watatu na mwanamume mmoja katika watano watavunjika mfupa kwa sababu ya udhaifu huu.

Yapo mambo mengine yaongezayo hatari: wembamba uliokithiri, hedhi kukoma kabla ya miaka 45, mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga, tumbaku, na pombe nyingi. Lipo pia la dawa, nalo nataka nilitilie mkazo kwa kuwa halisemwi vya kutosha. Vidonge vya jamii ya steroidi, kama predinisoloni na deksamethasoni, huokoa maisha ya mwenye pumu kali au maradhi ya viungo, lakini vikitumiwa kwa miezi mingi huutafuna mfupa kuliko dawa nyingine iliyo ya kawaida. Na katika masoko ya Afrika Mashariki huuzwa bila cheti cha tabibu kwa wanawake wanaotaka kunenepa, na humo humo huchanganywa katika unga unaoitwa wa mitishamba, ambao mzee mwenye maumivu ya magoti huusifu kwa kuwa umemwondolea maumivu usiku mmoja. Nafuu ya namna hiyo yapasa kutiliwa shaka. Aishiye na virusi vya ukimwi na kutumia dawa yenye tenofovu hupungukiwa na ujazo wa mfupa kidogo, hasa mwanzoni. Hiyo si sababu ya kuacha dawa hata siku moja, bali ni sababu ya kumweleza tabibu ikiwa hatari nyingine zimo pamoja.

Maradhi haya hayana homa wala uvimbe. Mfupa hupungua kimya kimya, na pingili za uti wa mgongo zaweza kubonyea moja baada ya moja bila mwenyewe kujua, akidhani maumivu ya mgongo ni ya kuinama shambani. Dalili zake huonekana na watu wa nyumbani kabla ya tabibu: bibi aliyekuwa mrefu amekuwa mfupi, kanga aliyokuwa akiifunga kwa kipimo kile kile sasa inaburura, kibiongo kimechomoza, na akisimama ameegemeza visigino na mgongo ukutani kisogo chake hakigusi ukuta. Mtu aliyepungua kimo kwa sentimita 4 au zaidi tangu ujanani anastahili kupelekwa akapigwe picha ya mgongo.

Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1994 kipimo cha kuyatambua maradhi haya kwa mashine ya eksirei hafifu ipimayo ujazo wa mifupa, lakini mashine hiyo haiko visiwani wala haitarajiwi kufika upesi. Hapo ndipo watu wengi, wakiwamo baadhi ya wauguzi, hukata tamaa bila sababu. Mtu mwenye zaidi ya miaka 50 aliyeanguka kutoka kimo chake mwenyewe tu, kwa kujikwaa kizingitini au kuteleza uani, akavunjika nyonga au pingili ya mgongo, amekwisha kupimwa: kuvunjika kwenyewe ndiko cheti, na matabibu wanaruhusiwa kuanza matibabu bila mashine. Aliyevunjika kifundo cha mkono kwa namna hiyo naye amepewa onyo la mapema, pengine miaka 10 au 15 kabla ya nyonga. Kosa letu ni kuuganga mkono, kuusifu ustadi wa fundi, na kuyasahau maradhi yaliyouvunja.

Nyonga ina habari yake peke yake. Mguu huonekana umefupika na unyayo umegeukia nje, na mgonjwa hawezi kuunyanyua. Mivunjiko mingi huungwa vyema kwa magango na mikono yenye uzoefu, wala sina nia ya kuwatukana mafundi hao, ambao wamewatumikia watu wa pwani tangu kabla ya hospitali; ila shingo ya paja haifungiki, kwa kuwa mshipa wa damu unaoilisha huweza kukatika na vipande vyake huvutwa na misuli mikubwa. Hutaka upasuaji, nao hufaa zaidi ukifanywa ndani ya siku 2 hivi. Katika nchi zenye hospitali bora, mmoja katika wanne au watano hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga, na wengi wa waliosalia hawarejei mwendo wao wa awali. Kwa mkaazi wa Rongui safari huanza kwa mashua, ikategemea upepo na maji, kisha huja barabara ndefu ya kwenda Pemba iliko hospitali ya mkoa, au ya kuvuka Ruvuma hadi Mtwara. Aliyechelewa asilazwe chali wiki nzima: akalishwe, ageuzwe kila saa chache, anyweshwe maji ya kutosha na atulizwe maumivu, kwani vidonda vya kulala, damu kuganda miguuni na kichomi ndivyo huua.

Dawa zipo, na kongwe miongoni mwake si ghali tena. Alendroneti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 na kuanza kuuzwa huko kwa bei nafuu mwaka 2008 hati miliki yake ilipokwisha, huwazuia wabomoaji wa mfupa. Humezwa kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa juma, asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa gilasi nzima ya maji matupu, na mgonjwa asile wala asilale kwa nusu saa, la sivyo kidonge hukwama na kuunguza umio. Afungaye Ramadhani aweza kukubaliana na tabibu wake akimeze mara aamkapo kwa ajili ya daku, nusu saa kabla ya kula, wala asijilaze mara baada yake. Asiyeweza kumeza hupewa zoledroneti, dripu ya mara moja kwa mwaka. Mwenye figo dhaifu au kalsiamu pungufu hafai kuzianza ovyo, na mwenye meno mabovu atibiwe kwanza, kwani mara chache sana dawa hizi hudhuru mfupa wa taya. Baada ya miaka 3 hadi 5 tabibu huangalia upya kama ziendelee. Sindano mpya zipo pia, lakini kwa sasa ni za watu wa miji mikubwa.

Kuhusu chakula, miongozo ya ng'ambo humtaka mzee apate miligramu 1000 hadi 1200 za kalsiamu kwa siku, kiasi ambacho wengi wa pwani, kwa uadimu wa maziwa, hawakifikii. Hata wanawake wa Gambia waliishi kwa chini ya nusu yake. Tusitishwe na tarakimu hiyo, lakini tusiidharau. Dagaa kavu waliwao na vichwa na miiba yao, uduvi, ulezi, ufuta na majani ya mlonge ni hazina iliyo karibu. Mchicha unayo kalsiamu, ila asidi yake huishikilia isitwaliwe na mwili. Samaki humpa mzee pia protini, ambayo hukosekana pale ambapo yeye huachiwa mchuzi na vijana wakala minofu. Vitamini D hutoka juani: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadza wa Tanzania, waishio nje kutwa, ulipata wastani wa nanomoli 115 kwa lita moja ya damu, kiwango ambacho Ulaya hukionea kijicho, ilhali katika nchi za Ghuba, zenye jua kali, upungufu umeenea kwa kuwa watu hukaa ndani. Bibi anayejistiri hahitaji kuacha staha yake. Uani mwake, mikono na miguu ikiwa wazi kwa muda mfupi, jua linamtosha.

Hata hivyo, mfupa dhaifu usioanguka aghalabu hauvunjiki. Mazoezi ya mizani na ya kuimarisha miguu hupunguza kuanguka kwa karibu robo, na mzee hahitaji kwenda mbali: ainuke kitini mara 10 bila kushika, asimame kwa mguu mmoja akiwa karibu na ukuta, atembee kila siku. Mtoto wa jicho atolewe, maana asiyeona kizingiti hukikuta kwa paja. Dawa za presha na za usingizi zichunguzwe ikiwa humtia kizunguzungu ainukapo. Njia ya chooni ipate taa na kamba ya kushikia, na mkongojo usionewe haya. Mwenye pingili zilizobonyea ajihadhari na kuinama kwa nguvu na kunyanyua ndoo; rukuu na sijda zikimwumiza, sharia imekwisha kumruhusu kusali akiwa amekaa kitini.

Fundi wa kuunga mifupa ndiye anayemwona mgonjwa kabla ya tabibu yeyote. Kama kituo cha afya kingekubaliana naye juu ya jambo moja tu, kwamba kila aliyezidi miaka 50 aliyevunjika kwa kujikwaa aandikiwe jina, umri na namna alivyoanguka, na kuletwa hata kama mkono umeshaungwa vizuri, basi ndani ya mwaka mmoja pwani hii ingekuwa na daftari lake la kwanza la mifupa ya wazee, na wa nyonga wangejulikana wangali wa mkono.