Giaboksi ya MGB: kukarabati, kubadilishana au kuweka gia tano

Giaboksi ya MGB haishuki peke yake kwa chini ya gari. Lazima ing'olewe pamoja na injini, kwa winchi, boneti ikiwa imeshafunguliwa na kuwekwa kando. Kwa hiyo ujira wa kung'oa na kurudisha utaulipa tu, uikarabati giaboksi yako, uibadilishe kwa iliyokwisha kukarabatiwa, au uweke ya gia tano. Klachi mpya na beringi yake ya kaboni ziingie kwenye hesabu tangu mwanzo, maana hakuna anayetaka kung'oa injini mara ya pili kwa ajili ya kipuri kidogo.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza gari. Ikikwaruza unapoingiza gia ya pili, ringi za sinkro zimelika, na hizo si ghali. Ikinguruma gia ya kwanza hadi ya tatu kisha ikatulia ya nne, tatizo liko kwenye shafti ya chini, kwa kuwa gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuielemea shafti hiyo. Fundi akishaitoa, pitisha ukucha juu yake pale beringi za sindano zinapozunguka. Ukucha ukinasa kwenye vishimo, shafti haifai tena. Kuibadilisha peke yake si gharama kubwa. Pesa huanza kuondoka pale vipande vyake vya chuma vinapokuwa vimeshatafuna meno ya gia.

Nchini Uingereza, beringi, sili, ringi za sinkro na shafti mpya hugharimu pauni mia chache, ukiwa na fundi anayeijua kazi. Giaboksi iliyokarabatiwa, yenye ovadraivu (kifaa cha kushusha mizunguko ya injini), huzunguka pauni elfu moja, pamoja na amana utakayorudishiwa ukipeleka ile yako ya zamani. Seti ya gia tano, iwe ya Ford Type 9 au ya Mazda MX-5, huvuka pauni 2,000.

Hapa ndipo wengi hutoa pesa bila kupiga hesabu. Gia ya tano ya Type 9 ina uwiano wa 0.82. Ovadraivu ya Laycock aina ya LH, iliyofungwa kwenye MGB za baadaye, nayo ni 0.82. Kwa gia ya nne, injini huzunguka takriban mara 3,800 kwa dakika ukiwa kilomita 110 kwa saa. Ukiwasha ovadraivu hushuka hadi kama 3,100, na gia ya tano itakupa hizo hizo. Unacholipia zaidi ni gia laini na urahisi wa kupata vipuri. Kwa anayeendesha kila siku, hayo ni mambo ya maana. Kwa gari la Jumapili, mimi ningechukua yenye ovadraivu bila kusita.

Na kama ovadraivu yako haishiki, usikubali haraka kwamba imekufa. Mara nyingi kosa liko kwenye waya, swichi au solenoidi, au oili imepungua na chujio limeziba.

Mwaka wa gari nao una neno lake. MGB zilizotengenezwa kuanzia 1962 hadi mwishoni mwa 1967 hazina sinkro kwenye gia ya kwanza, na meno ya gia hiyo huvunjika kwa kuingizwa gari likiwa bado linatembea. Giaboksi ya baadaye, yenye sinkro kwenye gia zote nne, haiingii humo kirahisi: flaiwili ni tofauti, na nafasi ya katikati ya sakafu ni nyembamba. Mwenye gari la namna hiyo akarabati aliyo nayo, hata kama gia zake ni ghali zaidi.

Ukishalipa, muulize fundi ameweka oili gani. Yenye ovadraivu hutumia oili ya injini, 20W-50.