'Prominent' au 'eminent'? Anza na jina la Matombo

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Kisaki, unazunguka Milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki hadi Matombo. Kwa Kiluguru, jina hilo ni matiti, na limetokana na vilele viwili vya mwamba vilivyochomoza hapo. Mgeni hucheka kidogo, wenyeji wameshazoea.

Kuchomoza huko ndiko lilikoanzia neno la Kiingereza 'prominent'. Kwa Kilatini lilikuwa na maana ya kujitokeza mbele. Ndugu yake 'eminent' ni wa shina hilohilo, ila yeye hujitokeza juu. Kinachochomoza kinaonekana, basi maneno yote mawili yakahamia kwa watu.

Shida ni kwamba hayakutua sehemu moja.

'Prominent' imebaki kwenye kuonekana tu. Pua inaweza kuwa 'prominent', bango pia, hata mtuhumiwa wa dawa za kulevya. Habari ikisema 'a prominent businessman', hajasifiwa mtu hapo, imesemwa tu kwamba anajulikana. Ukitafsiri 'mfanyabiashara anayeheshimika', umempa heshima ambayo hakupewa. 'Maarufu' inatosha.

'Eminent' ina heshima ndani yake. Huyo amejulikana kwa kazi, mara nyingi ya elimu, sheria, tiba au uongozi. Kenya ilipoingia kwenye machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Umoja wa Afrika ulipeleka jopo la 'Eminent African Personalities': Kofi Annan, Graça Machel na Rais mstaafu Benjamin Mkapa. Makubaliano ya kugawana madaraka yakasainiwa Februari 28, 2008. Watu wanaojulikana tu Kenya ilikuwa nao tele. Waliotakiwa ni wale ambao pande zote mbili zingekubali kuwasikiliza. Hapo Kiswahili kinasema 'mashuhuri', ingawa mtaani 'mashuhuri' na 'maarufu' tunazichanganya kila siku. Kwa makardinali, 'Eminence' imepata neno lake kabisa: Mwadhama.

Wapima milima nao wanaitumia 'prominent' kwa hesabu: mlima umejitokeza kiasi gani kuliko ardhi inayouunganisha na jirani yake mrefu zaidi. Ndiyo maana Mawenzi, yenye mita 5,149, haifiki hata 1,000 kwa kipimo hicho, kwa sababu imeegemea Kibo. Meru ni fupi kuliko Mawenzi, lakini imesimama peke yake na inapita 3,000.

Halafu kuna 'imminent', ambayo inaponza watu kwenye barua za maombi ya kazi. Hiyo ni kitu kinachokaribia kutokea, kama mvua au vita. Ukiandika kwamba uliwahi kufanya kazi chini ya 'an imminent lawyer', umesema wakili huyo yuko njiani anakuja.