Kibua wetu ni halali. Je, ni twayyib?

SHUKRANI zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake wote.

Miongoni mwa vitoweo vya watu wa pwani, kibua hana cheo. Nguru na changu huandaliwa mgeni. Kibua hununuliwa siku ya kawaida, kwa fedha iliyobaki baada ya unga na mkaa. Mazoea haya yamewafanya watu wengi wadhani kwamba samaki wa bei nafuu ni chakula hafifu. Ukweli ni kwamba katika nyama ya kibua mna neema ambayo kitoweo cha gharama kubwa huenda kisiwe nayo. Tatizo letu si samaki, bali ni yale tunayomtenda tangu anapotoka baharini hadi anapofika sahanini.

Dini yetu imetupa wepesi mkubwa katika jambo hili. Sura ya Al-Maida, aya ya 96, imetuhalalishia kivuliwacho baharini, na samaki hahitaji kuchinjwa. Katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Jabir bin Abdillah (R.A.) anasimulia safari ambayo chakula kiliwapungukia Swahaba hadi wakagawiwa tende moja moja kwa siku. Kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa ufukweni. Wakamla kwa siku nyingi, na miili yao ikarejea katika nguvu zake. Lakini Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, inapotutaka tule kilicho halali, inataja pamoja nacho kilicho twayyib, yaani kizuri na kisafi. Uhalali wa kibua tumepewa na Mola wetu. Kumlinda abaki twayyib ni amana iliyo mikononi mwetu.

Kilichomo katika nyama yake

Kibua ni wa jamii ya samaki iliyoenea katika bahari nyingi za dunia, na jamaa zake wamepimwa kwa makini. Majedwali ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonesha kwamba gramu 100 za jamaa yake wa Bahari ya Atlantiki, akipikwa kwa moto bila kutiwa mafuta, zina protini gramu 24 hivi, mafuta gramu 18 na vitamini B12 mikrogramu 19. Jamaa yake wa Bahari ya Pasifiki ana protini karibu gramu 26, mafuta gramu 10 na B12 mikrogramu 4. Tunaona kwamba protini hazitofautiani sana. Mafuta ndiyo yanayopanda na kushuka kwa kufuata aina ya samaki, majira na maji anamoishi. Kibua wetu wa Bahari ya Hindi kwa kawaida hanenepi kama yule wa maji ya baridi, lakini protini yake si haba.

Tuzipime hesabu hizo kwa mahitaji ya mwili. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji protini gramu 48 hivi kwa siku. Basi nyama ya samaki inayojaa kiganja humpatia takriban nusu yake. Vitamini B12, ambayo mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, husaidia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, na haipatikani katika ugali, wali wala maharage. Mafuta ya samaki nayo yana omega-3, ambayo ni sehemu ya ubongo na macho ya mtoto tangu akiwa tumboni mwa mama yake.

Kibua ana fadhila nyingine. Ni samaki mdogo anayekula vijidudu na vijimea vinavyoelea baharini, kwa hiyo hajikusanyii zebaki nyingi kama samaki wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi. Hata hivyo, hatoshelezi kila kitu. Hana nyuzinyuzi, na vitamini C yake ni kidogo mno; mchicha, kisamvu na matunda vina nafasi yao pembeni yake.

Moto na karai

Kupika kwa kiasi hakuharibu protini ya samaki, na B12 pamoja na omega-3 hubaki kwa sehemu kubwa. Kinachobadilisha mambo ni karai la mafuta. Samaki anapozamishwa katika mafuta mengi ya moto, sehemu ya mafuta yake hutoka na mafuta ya karai huingia. Na ikiwa mafuta hayo yamekaangiwa jana na juzi hadi yakawa meusi, tunachokula si neema ya bahari tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Circulation la Marekani, uliofuatilia watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ulikuta kwamba waliokula samaki wa kuchoma au kuoka walikuwa na vifo vichache vya maradhi ya moyo, lakini faida hiyo haikuonekana kwa waliokula samaki wa kukaanga.

Wazee wetu walituachia njia bora: chukuchuku lenye ndimu na pilipili, mchuzi wa nazi, kubanika juu ya makaa. Anayechemsha asimwage mchuzi, kwani sehemu ya vitamini huyeyukia humo.

Barafu kabla ya ndimu

Lipo jambo ambalo hata mpishi hodari hawezi kulirekebisha. Kibua akikaa katika joto bila barafu, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yake sumu iitwayo histamini. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha, na ndimu huficha harufu tu. Mlaji hupata wekundu usoni, muwasho, maumivu ya kichwa na mapigo ya moyo kwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja. Akishindwa kupumua vizuri, apelekwe hospitali mara moja.

Sisi tunaoandaa futari za misikitini na vyakula vya khitma tuna dhima zaidi, kwa kuwa ndoo moja ya samaki waliosahauliwa juani yaweza kuwadhuru waumini wengi. Fedha ya barafu ihesabiwe pamoja na fedha ya samaki, na samaki wenye shaka watupwe hata kama wamelipiwa.

Sahani ya mama na mtoto

Linabaki swali zito kuliko yote: nani anamla? Katika nyumba nyingi baba hutengewa samaki, na watoto hupewa mchuzi wa kulowekea ugali. Mama, hata akiwa mjamzito, huambulia kichwa na mkia. Mchuzi una utamu wake, lakini protini imebaki katika nyama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na mojawapo ni sahani ya mtoto isiyo na kitoweo.

Mtoto aliyetimiza miezi sita, pamoja na kuendelea kunyonya, aweza kupewa nyama ya kibua iliyoiva vizuri, ikapondwa na kutolewa miiba yote. Mjamzito na anayenyonyesha watengewe fungu lao kabla sahani haijafika kwa wenye nguvu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu anaowachunga. Kibua mmoja aliyegawanywa kwa uadilifu ana baraka kuliko nguru anayeliwa na mmoja huku wengine wakitazama.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuwezeshe kushukuru neema zake kwa vitendo, na avijaalie vizazi vyetu afya na uongofu. Wabillahi tawfiq.