Damu Iendayo Polepole katika Ateri za Moyo

Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Ijapokuwa vyumba vyake hujaa damu wakati wote, sehemu kubwa ya misuli yake hailishwi na damu hiyo moja kwa moja. Hulishwa na ateri mbili za koronari, ambazo huchipuka mwanzoni mwa mshipa mkuu uitwao aota na kusambaa juu ya moyo. Aghalabu maumivu ya kifua yatokanayo na moyo huletwa na kuzibika kwa ateri hizo. Hata hivyo, wako wagonjwa ambao ateri zao zi wazi, lakini damu hupita humo polepole.

Hali hiyo ilielezwa mwaka 1972 na A. A. Tambe na wenzake. Huonekana pale daktari anapoingiza mrija mwembamba hadi penye ateri za moyo, akatia dawa inayoonekana kwa eksirei, kisha akapiga picha mfululizo. Mwaka 1996 C. Michael Gibson na wenzake walieleza njia rahisi ya kupima mwendo huo, nayo ni kuhesabu picha. Zikipigwa picha 30 kwa sekunde, katika ateri ya mbele ya moyo dawa hufika mwisho baada ya picha 36 hivi, yaani muda wa sekunde moja na kidogo. Kwa kuwa ateri hiyo ni ndefu kuliko nyingine, hesabu yake hugawanywa kwa 1.7, ikabaki kama 21. Hesabu ikizidi 27, mwendo wa damu husemwa kuwa ni wa polepole.

Je, kizuizi ki wapi, ikiwa ateri kubwa zi wazi? Yaelekea kimo katika mishipa midogo iliyo mbele yake, ambayo ni myembamba mno kuonekana katika picha hizo. Kwa kanuni ya Poiseuille, nusu kipenyo cha mrija kikipungua kwa nusu, ukinzani huongezeka mara 16. Hivyo kubana kidogo tu kwa mishipa hiyo huathiri sana mwendo wa damu.

Mishipa hutanuka kwa msaada wa utando laini ulio ndani yake. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha kwamba utando huo hutoa kitu kinacholegeza misuli ya mshipa. Baadaye kilitambuliwa kuwa ni gesi ya oksidi ya nitriki, na ugunduzi huo ulimpatia yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Gesi hiyo hutengenezwa na kimeng'enya, na jeni yake imo katika kromosomu ya 7. Kwa baadhi ya watu, mahali pamoja katika jeni hiyo pana thaimini badala ya guanini. Kwa sababu hiyo, asidi ya amino ya 298 katika protini huwa aspartiki badala ya glutamiki. Wataalamu, wakiwamo wa Uturuki, wamewalinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya. Baadhi yao walikuta badiliko hilo zaidi kwa wagonjwa. Wengine hawakuona tofauti. Tafiti nyingi za namna hiyo zilihusu watu wachache, na katika kundi dogo bahati yaweza kuonekana kama kanuni.

Hapana budi kutofautisha mambo mawili. Jeni hurithiwa kwa kanuni za Mendel, lakini ugonjwa huu haurithiwi hivyo. Wengi wenye badiliko hilo huishi bila kuugua, na wengine huugua bila kuwa nalo. Jeni huongeza uwezekano tu, haitoi hukumu. Moshi wa sigara hudhuru utando ule ule na kupunguza gesi ile ile; nao wavutaji sigara ni wengi miongoni mwa wagonjwa hawa. Aliyezaliwa na udhaifu huo hawezi kuchagua jeni nyingine, lakini sigara aweza kuiacha.

Vilevile, mgonjwa aambiwaye kuwa ateri zake hazikuziba asidhaniwe kuwa anajisingizia maumivu. Njia yaweza kuwa wazi, na chakula kikachelewa kufika.