Jino Likiuma Usiku, Tufanye Nini?

Ndugu wanakikundi, jino huwa linauma zaidi usiku. Kwa nini? Ndani ya jino kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Jino likitoboka, vijidudu huingia na kiini huvimba, lakini ukuta wa jino ni mgumu, haupanuki. Ukilala, damu huzidi kichwani, basi maumivu yanapanda.

Ukiwa nyumbani:

1. Mtu mzima ameze parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6. Asipite vidonge 8 kwa siku. Mgonjwa wa ini aulize kwanza.

2. Anaweza kuongeza ibuprofen ya miligramu 400 baada ya kula, mara 3 kwa siku. Dawa hizi mbili pamoja hutuliza jino kuliko moja peke yake. Lakini mja mzito na mwenye vidonda vya tumbo, pumu, au ugonjwa wa figo au moyo asiitumie bila ushauri.

3. Asukutue kwa maji vuguvugu yenye chumvi, na alale kichwa kikiwa juu.

4. Asibandike aspirini kwenye ufizi. Inaunguza. Maji ya betri na mafuta ya taa ni sumu!

Mkimbizeni kazualti usiku huohuo akiwa na dalili hizi: uvimbe unaoelekea jichoni au shingoni, shida ya kumeza au kupumua, mdomo usiofunguka, au homa pamoja na uvimbe. Usaha ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuua mtu.

Huko kazualti anaweza kupewa dawa ya maumivu, kudungwa sindano ya ganzi, au kupasuliwa jipu usaha utoke. Asipoandikiwa antibiotiki msilalamike. Jino linalouma tu, bila uvimbe wala homa, halitulizwi na antibiotiki.

Kumbukeni: kutuliza si kutibu. Hata maumivu yakiisha yenyewe, huenda kiini kimekufa na vijidudu vinaendelea chini kwenye mzizi. Lazima aende kliniki ya meno, jino lizibwe, litibiwe mzizi au ling'olewe.

Ya kuzungumza mkutanoni:

- Kliniki ya meno iliyo karibu nasi iko wapi, na inafunguliwa siku gani?
- Mgonjwa akizidiwa usiku, nani ana gari au pikipiki?
- Je, kikundi kiweke akiba ya nauli ya dharura?